Naongoza sifa kila Jumapili, ila ndani nimekauka

Shikamoo mama. Samahani kwanza, barua itakuwa ndefu. Nimeianza mara nne nikaifuta, leo nimesema siifuti hata kama haijakaa vizuri.

Mi nina miaka 33, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa miezi 11. Niliokoka nikiwa na miaka 16 na tangu hapo sijawahi kurudi nyuma, yani kiukweli sijui maisha mengine zaidi ya kanisa. Naongoza sifa na kuabudu, huu ni mwaka wa 9 nashika maiki kila Jumapili ukiacha ile miezi miwili nilipojifungua. Watu wanasema nina upako. Hilo neno siku hizi likitajwa natamani ardhi ipasuke niingie.

Shida yangu ni kwamba nimekauka, sina neno lingine. Nikifungua Biblia nasoma mistari miwili naona kama nasoma maelekezo ya dawa. Nikipiga magoti namaliza ninachojua kusema ndani ya dakika tatu afu nabaki nasikiliza friji inavyounguruma. Zamani nikianza kuomba nilikuwa nasahau muda. Zamani nikiimba nilikuwa nahisi, sijui niseme vipi, nahisi kuna Mtu. Saa hii naimba maneno yale yale kwa sauti ile ile, mikono juu, na kichwani nawaza kama nimezima jiko, nawaza nepi zimebaki ngapi.

Wiki tatu zilizopita binti mmoja wa kama miaka 19 alinifuata baada ya ibada analia. Akanishika mikono akasema, dada, nilikuwa nimeshaamua kuacha wokovu, nimekuja leo kuaga tu moyoni, ila ulivyoimba ule wimbo wa pili nimerudi. Nikamkumbatia nikamwambia utukufu kwa Bwana. Afu nikaenda chooni nikajifungia, nikakaa kule kama dakika ishirini. Hata sikulia. Nilikuwa najiangalia kwenye kioo najiuliza huyu aliyemgusa yule mtoto ni nani, maana mi kwenye wimbo wa pili nilikuwa nahesabu beti zilizobaki tumalize.

Nina daftari la maombi tangu nimalize shule. Naandika ombi na tarehe, likijibiwa naweka tiki na neno AMEJIBU. Kazi, tiki. Mume mcha Mungu, tiki, na kweli ni mtu mzuri mama, sina cha kumlalamikia. Nyumba yetu wenyewe, tiki. Mtoto, tulimsubiri miaka minne, tiki. Hiyo ya mtoto niliiweka akiwa na miezi miwili, nikageuza ukurasa, mweupe. Nikakaa na kalamu mkononi nimekosa cha kuandika. Miaka yote nilijua nikifika pale nitakuwa mtu aliyeshiba. Badala yake nilijisikia kama mtu aliyefika kituo cha mwisho, ameshuka na mizigo yake, anaangalia huku na huku na hakuna aliyekuja kumpokea.

Kinachoniuma zaidi ni ule mstari wa mwanamke Msamaria, kwamba atakayekunywa maji yale hataona kiu milele. Nimeufundisha kwa vijana miaka na miaka. Sasa kama nilikunywa, hii kiu inatoka wapi? Ama sikuwahi kunywa ama niliyamwaga mwenyewe. Nimejichunguza dhambi mpaka nimechoka, nimetubu hadi vitu vya utotoni, hakuna kilichobadilika.

Kuna rafiki yangu anasema hii ni roho ya ukavu. Anataka nihamie kwenye huduma anakosali yeye, mtumishi wao ana mfungo wa siku 21, bila kula wala kunywa mpaka jioni, na anasema anayemaliza lazima abubujike. Naogopa kwa sababu bado nanyonyesha ila naogopa zaidi kubaki hivi. Upande mwingine natamani niache tu kuimba kimya kimya nisingizie mtoto. Mchungaji wangu ni mtu mwema ila nikimwambia ukweli naona kama atanitoa mbele za watu, na bila huduma sijui mimi ni nani. Mume wangu naye sijamwambia. Yeye anaona tu mwanga wa simu usiku, maana hata mtoto akilala mi usingizi hauji, nakaa napitisha video mpaka saa saba saa nane.

Ah, na baba yangu alifariki, mwaka mmoja na nusu sasa, nilikuwa na mimba changa. Yeye ndo alinifundisha kuimba. Niliongoza kwaya kwenye mazishi yake na watu walisifu sana nilivyokuwa na nguvu. Kuna wimbo wake alioupenda, nimeutoa kwenye orodha yetu, siupendi tu siku hizi. Ila hilo sio swali langu.

Swali langu ni hili, kuendelea kuimba nikiwa hivi si ni unafiki? Na hii kiu inaisha lini? Tafadhali usiniambie niombe tu, maana ndo hicho kinachonishinda.

Mwenye Kiu

*

Marahaba mwanangu. Nashukuru hukuifuta. Nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu napigia mistari, na mistari mingi imeangukia sehemu ambazo wewe ulipita haraka. Sitakwambia uombe tu.

Ngoja kwanza nikurudishie nilichosikia, nikikosea utanisahihisha. Nasikia mtu aliyempenda Mungu tangu akiwa binti, aliyezoea kumhisi karibu, na sasa hamhisi. Nasikia mtu aliyepata karibu kila alichoomba akakuta ile nafasi ndani bado ipo. Nasikia mama anayenyonyesha ambaye halali hata pale anapopata nafasi ya kulala. Na nasikia mtoto aliyemzika baba yake akiwa ameshika maiki. Wewe umeyaweka yote haya kwenye kapu moja ukaliita ukavu, afu ukaanza kutafuta dhambi iliyosababisha. Mi nadhani humo ndani kuna vitu zaidi ya kimoja, na havitibiwi kwa namna moja.

Nianze na ule mstari kwa sababu ndio unaokuchapa kila siku. Yohana sura ya 4. Rudi uangalie nani wa kwanza kuwa na kiu pale kisimani. Ni Yesu. Amechoka na safari, amekaa kwenye kisima cha Yakobo kama saa sita ya mchana, na neno lake la kwanza kwa yule mama ni nipe maji ninywe. Yule mama aliposikia habari ya maji ya kumaliza kiu alielewa kama wewe na mimi ambavyo tungeelewa, akasema nipe hayo basi nisione kiu wala nisije tena hapa kuteka. Alitaka mwisho wa safari za kisimani. Yesu hakumpa hicho alichodhani. Alichosema ni kwamba hayo maji yatakuwa ndani yake chemchemi inayobubujika. Sasa mtu mwenye chemchemi hawi kama mtu aliyekunywa glasi moja akamaliza, chemchemi unaishi nayo, unaisafisha, unarudi kwake. Na huyu huyu aliyesema hataona kiu milele, Yohana huyo huyo anatuandikia kwenye sura ya 19 kwamba msalabani alisema naona kiu. Naomba ukae na hilo kidogo. Kama kuona kiu peke yake ni ushahidi kwamba mtu hana Mungu, tutasema nini juu ya Yesu pale?

Afu kuna Zaburi ya 42, ya ayala, yule mnyama kama paa, anayetafuta mito ya maji. Tunaiimba kwa utamu sana ila ukiisoma taratibu ni zaburi ya mtu aliyekauka. Machozi ndio chakula chake mchana na usiku, na kinachomuuma hasa ni kumbukumbu, anakumbuka alivyokuwa anaongozana na mkutano kwenda nyumbani mwa Mungu kwa sauti za furaha. Angalia kichwa cha zaburi hiyo kimeandikwaje. Ni ya wana wa Kora. Hao walikuwa waimbaji wa hekaluni, watu wa kwaya mwanangu, watu wa kazi yako. Na hiyo zaburi haiishii kwa yeye kunywa akashiba, inaishia akiwa anajiambia nafsi yake imtumaini Mungu kwa sababu atakuja kumsifu tena. Sasa hivi hawezi, ila anajua atakuja kuweza. Waliiweka kwenye kitabu cha nyimbo hivyo hivyo.

Kwa hiyo unaposema ama sikuwahi kunywa ama nimemwaga, mi nakuuliza tu, nani alikwambia ziko njia mbili?

Nina wasiwasi kuhusu daftari pia, ila sio kwa sababu unayoweza kudhani. Kuandika maombi ni kitu kizuri na hao waliowekewa tiki humo ni zawadi kweli, mume wako na huyo mtoto sio makosa. Ila soma tena ulichoandika, kwamba nikifika pale nitakuwa mtu aliyeshiba. Yeremia 2:13 Mungu analalamika kwamba watu wake wamemwacha yeye chemchemi ya maji ya uzima, wakajichimbia mabirika yavujayo. Zamani nilikuwa nadhani mabirika ni mambo mabaya tu, ulevi, uzinzi, tamaa ya pesa. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba birika linaweza kuwa ndoa nzuri. Linaweza kuwa mtoto. Linaweza hata kuwa huduma, na hapa ndo naomba unisamehe nikikugusa, maana umeandika kwamba bila huduma hujui wewe ni nani. Hiyo sentensi ilinifanya niweke barua chini kwanza. Sisemi umemwacha Mungu. Nakuuliza kama inawezekana ulikuwa unavibebesha vitu vizuri kazi ya kushika maji ambayo haviwezi, na huu ukurasa mweupe unaokutisha, hivi lazima uwe adhabu? Inawezekana kwa mara ya kwanza tangu umalize shule umekaa mbele za Mungu bila orodha. Mtu asiye na orodha hajui aanzie wapi, anakaa kimya anasikiliza friji, ni kweli. Mi sijui kama huo ukimya ni kitu kilichokufa au kitu kinachoanza, na wewe hujui bado, ila usiharakishe kuuzika.

Sasa mwili wako. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa upendo.

Una mtoto wa miezi 11. Unanyonyesha. Mtoto akilala wewe hulali. Vitu ulivyovipenda havina ladha, unajilaumu mpaka vitu vya utotoni, umejifungia chooni ukajiangalia kama mtu mgeni na machozi hayakuja. Mwanangu, hizo ni dalili ambazo mkunga au daktari akizisikia hatazipuuza. Kuna sonona inayowapata akina mama baada ya kujifungua, na haiji wiki za kwanza tu, inaweza kuanza wakati wowote ndani ya mwaka ule wa kwanza. Sio mapepo na sio upungufu wa imani, ni ugonjwa na unatibika. Mi sio daktari na siwezi kukwambia kwa barua kwamba unayo. Ila siku unayompeleka mtoto kliniki, mwambie muuguzi haya uliyoniambia mimi, hasa hiyo ya usingizi na ya kutojisikia kitu. Na kama kuna siku wazo limekuja la kutotaka kuishi, au la kumdhuru mtoto, usisubiri kliniki, mwamshe mume wako usiku huo huo muende hospitali.

Najua kuna watakaosema nimetoka kwenye roho nimeingia kwenye mwili. Waambie wasome 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kushusha moto juu ya mlima Karmeli, siku chache baadaye yuko jangwani chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Malaika hakumkemea, hakumwambia atafute dhambi yake. Alimgusa akamwambia inuka ule, kulikuwa na mkate na gudulia la maji kichwani pake, akala akanywa akalala tena, malaika akaja mara ya pili na chakula tena. Maneno mazito ya Mungu kwake yalikuja baadaye, kule Horebu, alipokuwa ameshalala na ameshakula.

Kwa hiyo kuhusu huo mfungo wa siku 21. Rafiki yako anakupenda na ana uchungu na wewe, simdharau, na kufunga ni jambo la Biblia. Ila wewe unanyonyesha, na mwili unaonyonyesha unahitaji maji na chakula zaidi ya kawaida. Kuna mstari Isaya 40:11 watu wengi wanaupita, unasema mchungaji huyu wanyonyeshao atawaongoza polepole. Polepole! Mungu mwenyewe anapunguza mwendo kwa ajili ya mtu wa aina yako. Ukiona mtu anataka kukukimbiza pale ambapo Bwana amesema polepole, uliza. Kingine kinachonitisha kwenye huo mpango ni neno lazima. Lazima utabubujika. Haya, siku ya 22 ikifika na hujabubujika itakuwaje? Utajiambia hukufunga sawasawa, utaanza tena kutafuta dhambi, na utakuwa dhaifu zaidi ya sasa. Inawezekana pia ububujike kweli kwa wiki mbili kwa sababu ya mazingira mapya na watu wapya, afu ukavu ukurudi utatafuta huduma nyingine tena. Kuhama kanisa sio dhambi na huenda siku moja utahama kwa sababu nzuri, ila kuhama ukiwa hulali usiku, mi ningeogopa.

Kuhusu unafiki. Hili swali limekaa vibaya kichwani mwako na naelewa kwa nini. Ila mnafiki kwa ninavyomjua mimi hataki Mungu, anataka aonekane anamtaka. Wewe umenipa kurasa nzima ukilia kwamba unamtaka na humpati, huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Kulikuwa na mama mmoja Hispania, Teresa wa Avila, aliishi kuanzia 1515 mpaka 1582, Wakatoliki wanamheshimu kama mwalimu mkubwa wa maombi na hata sisi tusio Wakatoliki tuna cha kujifunza kwake. Huyu aliandika waziwazi kwamba kwa miaka alikuwa akienda kuomba anasikiliza saa igonge atoke, anatamani muda uishe. Kama wewe na beti zako! Na alifananisha kuomba na kumwagilia bustani, kuna wakati unateka kwa ndoo kisimani, kazi ngumu, mikono inauma. Kuna wakati una gurudumu la kuvutia maji, unapumua kidogo. Kuna wakati mto unapita hapo hapo. Na kuna wakati inanyesha mvua, wewe hufanyi kitu. Nilichokipenda ni kwamba bustani ni ile ile na mwenye bustani ni yule yule. Wewe ulizoea mvua tangu ukiwa na miaka 16, ukadhani mvua ndio imani yenyewe.

Yule binti wa wimbo wa pili alipata maji. Wewe ulikuwa unateka kwa ndoo na hukuyasikia ladha yake, ila maji yalikuwa maji. Hayakuwa yako ndo maana uliogopa, na nadhani kuogopa kule kulikuwa na heshima ndani yake.

Lakini sitaki nikubembeleze mpaka nikudanganye. Kusema sio unafiki haimaanishi uendelee kila Jumapili kama hakuna kitu. Kuna gharama. Mtu anayeimba furaha mwaka mzima akiwa hana, polepole anaanza kuichukia furaha yenyewe, na nimewaona watu walioacha imani kabisa, sio kwa sababu ya mashaka, ni kwa sababu walichoka kuigiza na hawakuwa na mtu wa kumwambia. Ukiacha kimya kimya kwa kusingizia mtoto, utapumzika koo lakini siri itakuwa imeongezeka moja, na watu watakuja kukupongeza kwa kulea wakati wewe unazama. Ukimwambia mchungaji, kweli anaweza kukupumzisha. Sijui atafanyaje, simjui. Ila umesema ni mtu mwema, na wachungaji wengi wema wamepita jangwani wenyewe bila kumwambia mtu, huenda ukamkuta huko. Unaweza pia kuomba kitu cha katikati, mfano Jumapili moja kwa mwezi, au kuimba nyuma bila kuongoza, au miezi mitatu ya kukaa benchi na mume wako mkiimba kama watu wengine tu, mtoto akiwa mapajani. Kukaa benchi kutauma. Huenda pia ndiko utakapojua kama unaweza kupendwa na Mungu ukiwa huna maiki, na hilo nadhani unalihitaji kulijua kuliko kitu kingine chochote ulichoniuliza.

Kabla ya mchungaji ningeanza na mume. Umesema ni mtu mzuri na anauona mwanga wa simu. Usimpe barua nzima kama ulivyonipa mimi, mwambie sentensi moja tu usiku akiuliza mbona hujalala. Mwambie siku hizi nikiimba simsikii Mungu. Afu nyamaza umwache.

Nimebakiza lile ulilosema sio swali lako.

Ulimzika baba yako, mwalimu wako wa kuimba, ukiwa na mimba, ukiwa unaongoza kwaya, na watu wakakusifu kwa kuwa na nguvu. Nimesoma barua yote nikitafuta mahali ulipolia sijapaona. Afu wimbo wake umeuondoa kwenye orodha. Mwanzo 26 kuna habari ya Isaka anarudi kuvichimba visima vya baba yake, kwa sababu Wafilisti walikuwa wamevifukia baada ya Ibrahimu kufa. Akavichimbua, akaviita majina yale yale baba yake aliyoviita. Kisima kilichofukiwa hakijakauka, maji yako chini, juu kuna udongo. Sikwambii kwamba hiki ndicho chanzo cha ukavu wako. Nakwambia tu kwamba wewe uliweka kisima chako na cha baba yako mahali pamoja, kwenye wimbo, na baba amekufa, na tangu hapo hakuna aliyekupa nafasi ya kuwa mtoto aliyefiwa. Wala wewe hujajipa. Mama yangu alipofariki mimi nilikaa karibu miaka miwili nikidhani nimepoa kiroho, nikawa nakwepa chumba chake, mpaka siku moja nikaingia kutafuta kitu kingine kabisa nikakuta miwani yake dirishani. Nililia mpaka jirani akaja. Sikutoka pale nimejaa Roho, nilitoka nimechoka nina kichwa kinauma. Ila usiku ule nilisema na Mungu maneno mabaya kidogo, ya hasira, na yalikuwa ya kwanza ya kweli kwa muda mrefu.

Kama siku moja utakuwa nyumbani, mtoto amelala, hakuna kwaya hakuna kinanda, jaribu ule wimbo wa baba. Kwa sauti ya chini, ya jikoni. Sio kwa ajili ya upako wala kuutafuta uwepo. Na ukifika pale sauti inapokatika, usiurudie ili uumalize.

Niandikie tena baada ya kliniki, nitakuwa nasubiri. Na nibusie mtoto.

Mama yako mshauri